Ijumaa Muheza, Sabato Hedaru, Krismasi Marangu

Ijumaa, 20 Desemba: Tegeta hadi Muheza

Tuliondoka Tegeta saa kumi alfajiri, watoto wakiwa wamejifunika vitenge kwenye viti vya nyuma, na badala ya kupitia Kibaha na Chalinze kama wafanyavyo wengi wanaokwenda kaskazini msimu huu, tulishika njia ya Bagamoyo hadi Msata. Kila Desemba barabara ya Kilimanjaro hujaa magari ya Wachaga wanaorudi nyumbani kula sikukuu, na utani wa mjini unadai kwamba Dar es Salaam hubaki tupu na maduka ya Kariakoo hufungwa kwa kukosa wenyewe. Mimi ni Mbondei niliyeolewa na Mchaga wa Marangu, kwa hiyo katika msafara huo ni mgeni mwenye haki zote, na haki mojawapo niliyoidai tangu mwanzo wa ndoa ni kwamba gari halipiti Segera bila kukata kulia kwenda Muheza kumsalimu mama mkubwa aliyenilea.

Safari ya mara hii ninaiandika siku kwa siku kwa sababu ya binti yetu mkubwa. Yumo katika mafundisho ya kipaimara, na mwalimu wake amewapa wanafunzi kazi ya likizo: waandike ni wapi wameona huruma ikitendwa, na waeleze kama waliotenda walisukumwa na imani au na kitu kingine. Tulikubaliana kwamba yeye aandike daftari lake na mimi langu, bila kuchunguliana.

Bagamoyo tuliipita gizani. Nilimweleza kwamba wapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868 na kuwapa makao watumwa waliokombolewa, akaniuliza kwa nini watu hao hawakurudi kwao. Nilimjibu kwamba wengi walikuwa watoto waliochukuliwa mbali sana bara, na mtoto wa umri ule hawezi kueleza kwao ni wapi zaidi ya kutaja jina la mama yake. Alinyamaza hadi tulipovuka daraja jipya la Wami, kisha akaomba kalamu.

Muheza tulifika kabla ya saa sita. Mama mkubwa alikuwa barazani, mbuzi ya kukunia nazi chini yake na kopo la maziwa ya unga pembeni, limejaa sarafu za shilingi mia na mia mbili ambazo huziweka akiba juma zima kwa ajili ya Ijumaa. Katika miji ya pwani siku hiyo wazee, wajane na walemavu hupita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kupokea sadaka, na asiye nacho huwaomba tu wamsamehe. Baada ya shikamoo na machozi kidogo, mama mkubwa alimkabidhi mtoto wetu mdogo kazi ya kutoa, akamwekea masharti: atoe kwa mkono wa kulia, amtazame mtu usoni, na aamkie kwanza, kwa sababu mtu mzima anayeomba bado ni mtu mzima.

Mtoto aliishika kazi hiyo kwa bidii kubwa mno. Haukupita muda akaja mbio kushtaki kwamba mzee mwenye kanzu iliyofifia na bakora alikuwa amekwisha kupokea, na sasa amerudi akijifanya hajawahi kufika.

“Bibi, huyu anatudanganya.”

“Mpe,” mama mkubwa alisema bila kuinua macho kutoka kwenye nazi. “Huenda ile ya kwanza ilikuwa yake, na hii ni ya mwenzake aliyeshindwa kutembea.”

“Na kama siyo?”

“Kama siyo, watahesabiana na Mwenyezi Mungu. Mimi leo natoa, sihesabu.”

Binti yetu mkubwa hakuridhika, na jioni alimrudia bibi yake kwa maswali. Ndipo mama mkubwa alipomsomea Suratul Maun, sura fupi ambayo watoto wa madrasa huihifadhi mapema, akamfafanulia kwamba inawaonya watu wanaosali huku wakijionyesha, na wanaowanyima wenzao hata msaada mdogo. Wafasiri, alisema, hutoa mfano wa vyombo vya nyumbani tu: ndoo, chungu, shoka ambalo jirani amekuja kuazima. “Haikusema dhahabu, mwanangu. Imesema vitu vidogo.”

Kabla ya magharibi tulikwenda makaburini. Baba yangu alikuwa Mwanglikana wa Magila, na mama yangu pamoja na dada yake walizaliwa na kulelewa Waislamu. Katika Ubondei jambo hilo si la kushangaza, kwa kuwa misheni ya Magila, ambayo Waanglikana wa shirika la kimisionari la UMCA waliianzisha katika karne ya 19, ilikua katikati ya watu ambao wengine walikuwa wamekwisha kusilimu, na hadi leo koo nyingi zina mashemasi na mashehe wanaokula sinia moja. Nilitegemea kukuta magugu, maana mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri. Nilikuta kaburi limepaliwa hadi ukingoni, msalaba wa saruji umepakwa chokaa upya, na alama za jembe bado mbichi. Mama mkubwa ana zaidi ya miaka sabini. Nilipomuuliza ni nani aliyelima, alinijibu kana kwamba nimeuliza swali la kipuuzi: “Shemeji yangu yuko hapa, ningemwachia nani?” Sisi tulisali Baba Yetu, yeye alifungua viganja akaomba dua yake, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize kwanza.

Jumamosi, 21 Desemba: Muheza hadi Same

Tuliaga asubuhi, tukiwa na jogoo. Mama mkubwa alimfunga miguu kwa kamba ya mkonge, akamweka ndani ya tenga na kusema kwamba ni zawadi ya mama mkwe wangu, kwa sababu mtu haendi ukweni sikukuu mikono mitupu, hata kama ameolewa zamani. Tulirudi Segera, tukapita Korogwe na mashamba yake ya mkonge, kisha Mombo, milima ya Usambara ikiwa kulia kwetu na bonde la Pangani kushoto. Baada ya Mkomazi nchi inakauka ghafla. Milima ya Upare iliyo juu yako ni ya kijani na yenye mawingu, lakini huku chini kando ya barabara ni vichaka vya miiba, mbuzi, na joto linalotetema juu ya lami.

Kabla hatujafika Hedaru, gari lilichemsha. Mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka kwenye boneti, na mume wangu akaegesha chini ya mgunga mmoja usio na kivuli cha maana. Ilikuwa adhuhuri. Hatukujua la kufanya ila kusubiri, na jogoo alianza kuwika kwa hasira ndani ya tenga.

Waliotukuta kwanza walikuwa watu wanaotoka ibadani, wamevaa suti na magauni ya heshima, Biblia mikononi. Nilikuwa nimesahau kwamba tumo katika nchi ya Wasabato. Wamisionari wa Kiadventista walifika Upare kutoka Ujerumani mwaka 1903 na kuanza kazi yao Giti, na tangu hapo Jumamosi katika vijiji vingi vya wilaya ya Same ni siku ambayo duka halifunguliwi na jembe haliguswi. Mwanamume mmoja, wa makamo, aliyevaa suti ya rangi ya kahawia, alisimama, akainama kutazama chini ya gari, akasema: “Mpira wa rejeta umepasuka. Mimi ni fundi, gereji yangu ni ile pale mbele. Lakini leo ni Sabato.”

Mume wangu alimjibu kwa adabu kwamba anaelewa, na kwamba tutangoja jua lizame.

“Watoto watangoja juani hadi jua lizame?” fundi aliuliza. Alivua koti, akalikunja vizuri na kumpa binti yetu alishike pamoja na Biblia yake. “Leo sina bei. Nikikutajia bei nitakuwa nimefanya biashara. Lakini Bwana Yesu aliuliza, ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani hatamwopoa siku ya sabato? Gari la mgeni ndilo ng'ombe wa siku hizi.”

Nilisimama karibu nikamtazama akifanya kazi. Alimkataza kwanza mume wangu kugusa kifuniko cha rejeta, kwa kuwa maji yale yangemrukia usoni. Tulingoja chuma kipoe. Kisha akauonyesha ufa: ulikuwa mwishoni kabisa mwa mpira wa juu, pale klipu inapobana, mahali ambapo mpira mkuukuu hukakamaa na kuchanika. Alimtuma kijana nyumbani akalete bisibisi na kisu, akalegeza klipu, akakata kipande chenye ufa chenye urefu wa kidole, akauvuta mpira uliobaki hadi ukafika, akaukaza tena. Mikono ya shati lake jeupe ilipata grisi, naye aliitazama mara moja tu na kuendelea.

Ilibaki kazi ya kupata maji. Upande huu wa Upare maji ni mali, na watu huyanunua kwa dumu au huyafuata mbali. Mwanamke aliyekuwa akipita na dumu la lita 20 kichwani alilishusha bila kuombwa, akamimina taratibu huku fundi akiangalia, na gari lilikunywa zaidi ya nusu yake. Nilipotaka kumlipa alimtazama fundi, akacheka, akasema kwamba na yeye ni Msabato. Alijitwika dumu lililobaki na kwenda zake. Nimeliandika tukio hilo kwa ufupi kwa sababu lilikuwa fupi, lakini katika daftari langu nalipa nafasi ya juu kuliko la fundi, kwa maana fundi alitoa saa moja ya mapumziko yake, na yule mama alitoa maji ambayo ilimpasa kurudi kuyafuata.

Tulilishwa pia. Mke wa fundi alitutolea makande yaliyopikwa tangu Ijumaa, kwa desturi yao ya kuiandalia Sabato chakula mapema ili siku yenyewe isiwe ya jikoni, na watoto waliyala yakiwa vuguvugu wakaongezewa. Mume wangu, ambaye kama Mchaga ana utani wa asili na Wapare, hakuweza kujizuia. Alisema kwamba amezunguka Tanzania nzima na hajawahi kumwona Mpare akikataa hela. Fundi alicheka hadi akafuta machozi.

“Shukuru umenikuta leo,” alisema. “Huu niliokufanyia ni mpango wa kufika tu. Endesha polepole, mpira mpya nitakutafutia. Ukirudi upite siku ya kazi, ndipo utamwona Mpare.”

Tulilala gesti Same.

Jumapili, 22 Desemba: Same hadi Marangu

Tulitoka kungali giza ili gari lisipate joto, tukapita Mwanga na kufika Himo, kilele cha Kibo kikiwa wazi, jambo ambalo halidumu; saa mbili baadaye mawingu yalikuwa yamekifunika. Kutoka Himo barabara hupanda, hewa hubadilika, na migomba huanza kusongamana hadi nyumba hazionekani.

Tuliwahi ibada ya pili. Ilikuwa Jumapili ya nne ya Majilio, na kanisa lilikuwa limejaa watu wa mjini hadi vijana wakasimama nje. Ulutheri wa mlima huu una mizizi ya tangu 1893, wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame, na kwa wazee wa hapa kanisa ni jambo la ukoo kama lilivyo la imani. Sitasimulia mahubiri, ambayo yalikuwa marefu. Nitasimulia mnada.

Asiyesali huku huenda hajui: watu wasio na fedha taslimu huleta sadaka ya mazao, yaani mkungu wa ndizi, trei ya mayai, chupa ya maziwa, kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani ili fedha ziingie katika mfuko wa kanisa. Mama mkwe wangu, alipopokea jogoo wa Muheza saa moja tu kabla ya ibada, alimshukuru mama mkubwa kwa simu, kisha akampeleka moja kwa moja madhabahuni. Watoto walipinga. Aliwaambia kwamba zawadi ikishakuwa yake ni yake, na yeye anataka kumpa Mungu kitu kilichotoka mbali.

Mnadishaji alipotangaza kwamba jogoo huyu amefugwa na Mwislamu wa Muheza na kuletwa Krismasi ya Walutheri, uwanja ulilipuka kwa kicheko, na bei ikapanda kupita kiasi cha jogoo yeyote. Aliyemnunua alikuwa mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, ambaye alihakikisha kila mtu ameona ni nani aliyenyoosha mkono. Binti yangu aliniminya kiwiko na kuninong'oneza: “Wanaojionyesha.” Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa mnada una kasoro hiyo na kila mtu anaijua, mwenye nacho hujitangaza na aliyeleta yai moja hasikiki. Lakini mfanyabiashara yule alimchukua jogoo, akavuka uwanja, akamkabidhi ajuza mmoja mjane aliyeketi kwenye fomu ya mwisho, na ajuza akamkumbatia jogoo kifuani na kuanza kumbariki kwa Kichaga, maneno mengi, bila kuonyesha kujali hata kidogo nia ya aliyetoa. Huruma ile ilikuwa na kelele, na mjane amekwenda nyumbani na kuku. Nimeshindwa kuamua niiweke fungu gani.

Jumatatu, 23 Desemba

Usafi wa nyumba, kufua mapazia, kupokea wageni. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 24 Desemba: Isale

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mume wangu alikuwa akilikwepa tangu Tegeta.

Kwa mila ya Wachaga, mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na nyumba na kihamba cha wazazi, yaani shamba la migomba la ukoo, na kaka mkubwa hupewa sehemu yake mapema akajenga kando. Mume wangu ndiye kitinda mimba. Kihamba chake na cha kaka yake vimetenganishwa na mstari wa masale (likiwa moja ni isale), mimea ile yenye majani marefu membamba ambayo huku hupandwa mipakani na kuzunguka makaburi ya ukoo. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alidai kwamba baadhi ya masale yamehamishwa, na siku ya matanga, mbele ya wazee, alimwita kaka yake mwizi. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa sababu ya mama yao tu.

Katika kipindi chote hicho kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Mfongo, yaani mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani, hupita kwanza kwa kaka mkubwa, kisha huingia kwetu, na maji hugawanywa kwa zamu ambayo wazee wa mfongo huisimamia. Kaka yule angeweza kutukaushia migomba kwa koleo moja la udongo, kisha akasema mfereji umeziba wenyewe. Hakufanya hivyo hata mara moja. Zamu yetu ilipofika, maji yalifika, na mama mkwe aliniambia kwamba mara kadhaa, mume wangu akiwa Dar es Salaam, shemeji yangu ndiye aliyetoka usiku kuyafungulia.

Huenda mama aliyasema hayo makusudi mwanawe akisikia. Asubuhi ya leo mume wangu alichukua kisu akaelekea mpakani. Mama alimzuia. Isale la mpakani, alisema, limo ndani ya kesi, haliwezi kupeleka msamaha. Akate lile la kaburini kwa baba. Basi alikata jani moja hapo, mama akalifunga fundo kwa mikono yake, na mzee jirani akatangulia kwenda kubisha hodi, kwa kuwa mwenye kosa hajipeleki peke yake.

Mimi na watoto tulifuata kwa nyuma. Kwa Wachaga isale likiletwa kwa kuomba radhi halikataliwi. Anayelikataa hujitafutia laana, na hata wale wasiosadiki laana hawathubutu kulijaribu. Shemeji alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliliona jani mkononi mwa mdogo wake kabla hajasikia salamu, akaweka mundu chini, akafuta mikono kwenye suruali. Mume wangu alimwita kwa cheo cha kaka na kusema kwamba neno alilolisema siku ya matanga hakupaswa kulisema, liwe la kweli au la uongo, na kwamba amekuja kuliondoa. Nilitamani asiongeze yale maneno ya “kweli au uongo”, lakini aliyaongeza.

Shemeji alilipokea jani kwa mikono miwili. Kimya kilikuwa kirefu.

“Nimelipokea kwa ajili ya baba,” alisema, “na kwa ajili ya mama aliyefunga fundo hili, maana naujua mkono wake. Lakini mpaka tutaupima.”

“Tutaupima,” mume wangu alijibu.

Basi. Hawakukumbatiana. Binti yetu alionekana kusikitika, kwa sababu katika vitabu vya shule ya Jumapili baba hukimbia kumlaki mwana mpotevu na ndama hunona palepale. Mzee jirani, aliyekwisha kushuhudia masale mengi maishani mwake, alisema kwamba hilo lilikuwa zuri kuliko mengi.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani, ndugu hao wawili walikaa fomu moja, mama yao katikati. Mbuzi alichinjwa kwetu. Nyama ya ukoo hapa haigawanywi ovyo, kila kipande kina mwenyewe kwa umri na nafasi yake, na kipande cha kaka mkubwa, ambacho miaka hii kilipelekwa na mtoto, mara hii mwenyewe alikuja kukichukua, akaketi, akanywa mbege kwenye kata moja na wenzake na kuondoka usiku. Walizungumzia bei ya kahawa na shule za watoto. Sikusikia neno juu ya mpaka.

Mama mkubwa alipiga simu kutoka Muheza kututakia heri ya sikukuu na kuuliza kama jogoo alikuwa mtamu. Mama mkwe alichukua simu na kumweleza ukweli wote, mnada na mjane. Nilisikia kicheko cha mama mkubwa kikitoka kwenye simu hadi nje ya mlango. Alisema kwamba mwakani atatuma wawili, mmoja wa kuliwa.

Ijumaa, 27 Desemba: Kupima mpaka

Wazee watatu walitembea mstari mzima wa masale, mmoja akiwa ndiye aliyemsaidia baba mkwe kuyapanda. Kazi ilichukua asubuhi yote. Ilionekana kwamba kwa sehemu kubwa mpaka uko pale ulipokuwa, ila upande wa chini, karibu na mfongo, pana ukanda wa hatua mbili hivi ambao hata mzee mwenye kumbukumbu alishindwa kuapa ni wa nani, kwa sababu mafuriko ya mwaka mmoja yaling'oa masale na marehemu mwenyewe aliyarudishia kwa kukisia. Kila mmoja wa ndugu alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na maana. Nilianza kuona sura zao zikikaza tena.

Mama mkwe, ambaye hakuitwa kwenye upimaji, alifika na mkongojo wake, akahesabu migomba iliyomo katika ukanda ule, akatangaza kwamba shauri litasikilizwa na ukoo Pasaka, watu wote wakiwapo, na hadi siku hiyo ndizi zitakazokatwa hapo ni zake yeye. Wazee walikubali haraka mno, nadhani kwa njaa. Jioni nilimwuliza atazifanyia nini ndizi zote hizo, naye aliniambia kwamba mjane aliyepewa jogoo anaishi bonde la pili na hana mgomba unaozaa vizuri mwaka huu.

Binti yangu amesema daftari lake limejaa, na kwamba swali la pili la mwalimu limemshinda. Hajui kama bibi yake wa Marangu ametenda kwa imani, kwa huruma, au kwa ujanja tu wa kuwatenganisha wanawe wasipigane. Nilimshauri aandike vyote vitatu.

Jumatatu, 30 Desemba: Marangu hadi Hedaru

Tulishuka mlima gari likiwa limebeba mikungu miwili ya ndizi, mmoja wa mama mkubwa na mmoja wa fundi. Tulimkuta gerejini kwake, amevaa ovaroli iliyochakaa, mpira mpya wa rejeta umening'inia ukutani ukiwa na jina la gari letu limeandikwa kwa chaki. Mkewe alipokea ndizi kwa furaha, akawaita watoto ndani. Fundi aliufunga mpira kwa uangalifu uleule wa siku ile, akajaza maji, akawasha injini na kusikiliza kwa muda mrefu kabla ya kuridhika.

Mume wangu alimwuliza anadaiwa kiasi gani.

“Mpira elfu thelathini na tano. Ufundi elfu kumi na tano.”

“Kaka, mbona ufundi mkubwa hivyo? Mpira wenyewe umeufunga dakika ishirini.”

“Leo Jumatatu,” fundi alisema, akifuta mikono kwa tambara.

Mume wangu alimkumbusha undugu, utani, na mkungu wa ndizi. Fundi alikubali kwamba ndizi ni nzuri sana, na bei ikabaki palepale. Tulilipa elfu hamsini kamili, akatuandikia risiti.